Jiwe, Mbao na Udongo: Tarehe ya Nyeri

Katikati ya mji wa Nyeri ipo barabara inayoitwa Gakere. Maduka yamepangana pande zote mbili, na mgeni akiuliza njia huelekezwa Gakere bila mwelekezaji kukumbuka kwamba ametaja jina la mtu. Gakere wa Ngunju alikuwa kiongozi wa watu wa Tetu. Mwaka 1902 aliwapinga Waingereza walipoingia katika nchi yake, akashindwa, akakamatwa, akapelekwa uhamishoni mbali na milima aliyoizoea. Mji ulijengwa ili asirudi yeye wala mwingine wa mfano wake. Leo jina lake liko kwenye kibao cha barabara, na waliomshinda wamebaki makaburini na vitabuni.

Msafara wa wafanyabiashara ulikuwa umeshambuliwa katika nchi ya Tetu, na serikali changa ya Kiingereza ikapata sababu iliyokuwa ikiitafuta. Desemba 1902 kikosi cha askari wa King's African Rifles kilipanda kutoka upande wa Murang'a, kikachoma vijiji, kikateka mifugo, kisha kikachimba handaki na kujenga boma karibu na kilima kinachotazama mji hadi leo. Mmoja wa maofisa wake alikuwa Richard Meinertzhagen, kijana wa miaka 24, na shajara yake, iliyochapishwa mwaka 1957, ndiyo inayonukuliwa kila mara mwanzo wa Nyeri unaposimuliwa. Inafaa kuisoma kwa tahadhari. Mwandishi wake ndiye aliyempiga risasi Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, mwaka 1905, katika mkutano ulioitwa wa amani. Tena, miaka mingi baada ya kufa kwake, wataalamu wa ndege waligundua kwamba baadhi ya vielelezo alivyojivunia alikuwa ameviiba kwenye makumbusho na kuviandikia maelezo ya uongo. Watu wa Tetu waliokuwa upande wa pili wa handaki hawakuandika shajara.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa bahati. Magharibi ipo safu ya Nyandarua, mashariki upo Kirinyaga, ule mlima ambao ramani zinauita Kenya, na katikati ipo njia pana inayotoka mashamba ya Wagikuyu na kufunguka kwenye mbuga za Laikipia. Wagikuyu waliuita upande huu Gaki. Wamaasai walilisha ng'ombe kaskazini yake, na kati ya jamii hizo mbili palikuwa na vita, biashara na ndoa kwa wakati mmoja. Hata jina Nyeri husimuliwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la kile kilima, Wagikuyu wakalitamka Kia-Nyiri, Waingereza wakaliandika walivyolisikia. Mkataba wa 1904 uliwasukuma Wamaasai Laikipia, na ule wa 1911 ukawaondoa huko pia na kuwapeleka kusini. Mbuga zikagawiwa walowezi. Boma la mpakani likawa lango.

Hilo la mpakani ndilo ufunguo wa kuusoma mji huu. Kusini mwake ilikuwa rizavu ya Wagikuyu, kaskazini mashamba ya Wazungu, na juu yake misitu miwili mikubwa. Bwana disii, yaani mkuu wa wilaya, aliishi alipoweza kuona pande zote. Nyumba za maofisa zilijengwa penye hewa na mandhari, kwa mawe ya kuchonga, paa la mabati au vigae vya mbao, na meko ya ukutani yenye dohani, kwa sababu baridi ya mwezi wa Julai huko haina mchezo. Baadaye Nyeri ikawa makao ya mkoa, na ikabaki makao ya Mkoa wa Kati hata baada ya uhuru, mpaka mikoa ilipoyapisha magatuzi mwaka 2013.

Chini ya ofisi za serikali palikuwa na maduka ya Wahindi. Duka la aina hiyo lilijulikana kote nchini na lilikuwa na akili yake: baraza lililoinuliwa ili tope la masika lisiingie, paa la mabati linaloteremka mbele na kuegemea nguzo, mlango mpana wa mbao wa kufungwa kwa pingo, na nyuma ya kaunta chumba baada ya chumba ambamo familia ililala, ilipika na kuhifadhi magunia. Barazani alikaa fundi na cherehani yake. Mkulima kutoka Tetu au Mathira alileta mahindi, maharagwe au ngozi, akaondoka na chumvi, blanketi, sukari na jembe. Wanaoandika juu ya majengo ya kikoloni huwa wepesi kuyapita maduka haya kana kwamba ni vibanda. Huko ni kukosea, kwa kuwa ndiyo majengo ya enzi hiyo ambayo Mwafrika aliyaingia bila kuitwa na bila kushtakiwa.

Na upo Majengo. Karibu kila mji wa Kenya uliozaliwa na boma una mtaa wa jina hilo, na Nyeri haikukosa wake. Askari, wapagazi na wachuuzi waliofuatana na serikali walitoka pwani na sehemu nyingine za mbali, wakapewa mahali pa kujenga nje ya macho ya wakubwa. Walikuja na msikiti, kanzu na Kiswahili. Nyumba za Majengo zilikuwa za miti na udongo, na kwa hiyo nyingi zimekwisha kubomoka na kujengwa upya mara kadha wa kadha. Kilichodumu ni lugha: Kiswahili cha askari na dukani ndicho kilichowakutanisha Mgikuyu, Mhindi na karani wa serikali katika mji ambao sheria ilikuwa inawatenga kimitaa.

Walowezi nao walitaka mahali pa kunywea. Hoteli ya White Rhino, ambayo historia yake inahusishwa na Berkeley Cole na Lord Cranworth, ilisimama kabla ya Vita Kuu vya kwanza, wakati safari ya kwenda Nairobi ilikuwa ya siku kadhaa kwa magari ya ng'ombe. Jina limebaki mjini. Jengo linalolibeba sasa ni la kisasa. Aliyefika baadaye na kuacha alama kubwa zaidi ni Eric Sherbrooke Walker, Mwingereza aliyewahi kuwa katibu wa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisha akajipatia fedha kwa kuingiza pombe Marekani kwa magendo wakati ilipokuwa marufuku. Yeye na mkewe, Lady Bettie, walifungua hoteli ya Outspan juu ya bonde la mto Chania mwanzoni mwa mwaka 1928. Jina hilo ni la mahali ambapo ng'ombe wa mkokoteni hufunguliwa kongwa wapumzike. Mwaka 1932 wakaongeza Treetops, kibanda cha mbao kilichopachikwa juu ya mti ndani ya msitu wa Nyandarua, ili wageni wakeshe wakitazama tembo na vifaru wanaokuja kulamba chumvi. Mti wenyewe ulikuwa mugumu. Kwa Wagikuyu mugumu ni mti wa ibada. Chini yake ndipo wazee walipotoa sadaka. Wapo watalii wengi waliolala juu ya mti huo bila kuambiwa hivyo.

Baden-Powell mwenyewe alimfuata katibu wake wa zamani. Mwaka 1938 alijengewa nyumba ndogo katika uwanja wa Outspan, akaiita Paxtu. Nyumba yake ya Uingereza iliitwa Pax Hill, basi hii ya Nyeri ikawa Pax ya pili kwa sikio la Kiingereza, na kwa sikio la Kiswahili ikawa Pax tu, Pax basi. Alikufa humo Januari 1941, na kaburi lake, lililochorwa duara lenye nukta katikati, alama ya skauti ya kwamba mwenzenu amekwenda nyumbani, limetangazwa kuwa mnara wa taifa. Paxtu haikukaa bure. Mwaka 1947 alihamia Nyeri Jim Corbett, mwindaji wa chui na simba-milia wala-watu wa India, pamoja na dada yake, wakaishi humo. Corbett naye amezikwa katika makaburi alimozikwa Baden-Powell, tangu Aprili 1955.

Reli ilikuja, lakini haikuingia mjini. Tawi lililotoka Thika lilipanda taratibu kupitia Sagana na Karatina, likafika Naro Moru mwaka 1927 na Nanyuki mwaka 1930. Mabonde ya Nyeri yalikuwa makali mno, hivyo stesheni ya Nyeri ikawa Kiganjo, kilomita kadhaa kutoka mjini. Uamuzi huo wa wahandisi ulibadilisha hatima ya miji. Karatina, iliyokuwa kituo tu, ikawa soko linalotajwa miongoni mwa makubwa ya wazi Afrika Mashariki. Kiganjo ikapata chuo cha polisi. Nanyuki ikawa mwisho wa reli na mwanzo wa nchi ya walowezi, na mstari wa ikweta ukageuzwa kivutio. Nyeri, yenye ofisi zote, ilibaki ikitegemea barabara.

Wamisionari walijenga zaidi ya serikali, na walijenga wakiwa na nia ya kukaa. Mapadri wa Consolata kutoka Torino walianza Tuthu, kwa chifu Karuri wa Gakure, mwezi Juni 1902, wakafika Nyeri upesi na kuifanya Mathari kuwa makao yao makuu: kanisa, shule, hospitali, shamba la kahawa na mtambo wa kuchapa. Hapo mwaka 1916 lilitoka gazeti la Kigikuyu, Wathiomo Mukinyu, na mtu anayetafuta chimbuko la uandishi wa habari katika lugha za bara la Kenya hana budi kupita Mathari. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alisoma kwa masista wa huko. Kanisa lao linamkumbuka pia Sista Irene Stefani, ambaye Wagikuyu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa Gikondi Oktoba 1930, na tarehe 23 Mei 2015 Nyeri ilifurika watu alipotangazwa mwenyeheri.

Upande wa Mathira walikaa Waskoti. Tumutumu ilianza mwaka 1908, na katika muda mfupi ikawa na shule na hospitali ambayo ilifundisha wauguzi wa Kiafrika. Ugomvi wa mwaka 1929 juu ya tohara ya wasichana uliipasua jumuiya hiyo. Wazazi wengi waliondoa watoto wao na kujenga shule zao wenyewe, za miti, udongo na mabati yaliyonunuliwa kwa michango ya senti. Serikali ilizifunga shule hizo huru wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Kanisa la mawe unaweza kulitembelea leo. Darasa la udongo lililojengwa na wanakijiji kwa fedha zao halipo tena. Hesabu ya urithi wa majengo ya Nyeri ina pengo hilo, na pengo lenyewe ni sehemu ya historia.

Vita vya 1939 hadi 1945 vilileta ujenzi wa aina nyingine. Karatina ilipata kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya wanajeshi. Wakulima wa Mathira walilima viazi na kabichi kwa bidii, wakaona fedha, kisha vita vilipokwisha kiwanda kikafungwa wakaachwa na mboga zao. Wakati huohuo makambi ya mateka wa Kiitalia yalitapakaa kuanzia Nyeri hadi Nanyuki. Mwezi Januari 1943 mateka watatu wa kambi ya Nanyuki, akiwamo Felice Benuzzi, walitoroka kwa lengo moja tu, kupanda Kirinyaga. Walitundika bendera kwenye kilele cha Lenana, wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Waliofia utekwani hawakurudi. Mwaka 1952 lilikamilika kanisa la kumbukumbu karibu na Mathari, ambalo kuta zake zimehifadhi mabaki ya wanajeshi wa Italia zaidi ya 600, na mbele ya altare amelazwa Amedeo, Duke wa Aosta, aliyekuwa mtawala wa himaya ya Waitalia katika Afrika Mashariki na akafa mateka mjini Nairobi mwezi Machi 1942. Aliomba azikwe pamoja na askari wake. Katika majengo yote ya mji huu, ni machache yenye utulivu kama lile.

Mwaka huohuo wa 1952 ndio ulioipasua Nyeri. Usiku wa Februari 5 Binti Mfalme Elizabeth alilala Treetops. Baba yake alifariki Sandringham usiku ule, na habari ilimfikia kesho yake Sagana Lodge, nyumba aliyopewa na koloni kama zawadi ya harusi, kati ya Kiganjo na mlima. Tarehe 20 Oktoba gavana alitangaza Hali ya Hatari dhidi ya waliopigania uhuru. Siku mbili baadaye chifu mkuu Nderi aliuawa huko Gaki alipokwenda kuvunja mkutano wa kiapo chao. Mei 1954 wapiganaji wa msituni waliichoma Treetops. Hoteli ya sasa ya jina hilo ilijengwa upya mwaka 1957, mahali pengine ng'ambo ya lambo.

Kisha serikali ikaanza ujenzi mkubwa kuliko wote uliowahi kufanyika chini ya mlima. Handaki refu lilichimbwa kati ya msitu na mashamba, likapandwa vigingi vilivyochongwa ncha. Waliolichimba walikuwa wanakijiji wenyewe, wanawake kwa wingi, bila malipo. Na watu walihamishwa kutoka vilima vyao, ambako kila ukoo ulikaa kwenye tuta lake, wakarundikwa katika vijiji vyenye mistari iliyonyooka, mnara wa walinzi na seng'enge. Mpaka mwisho wa 1955 watu 1,050,899 wa Kigikuyu, Embu na Meru walikuwa wameingizwa katika vijiji 804. Mpango wa miji wa Waingereza haukuwahi kugusa watu wengi kiasi hicho katika Kenya, na haumo katika kitabu chochote cha kuwaelekeza watalii.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alizaliwa Thegenge, Tetu, mwaka 1920, akapitia shule ya Tumutumu. Tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa risasi na kukamatwa karibu na ukingo wa msitu, akapelekwa hospitali ya Nyeri. Mwezi uliofuata akafikishwa mahakamani mjini humo, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu washauri, kwa kosa la kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa mahali pasipo alama. Barabara kuu ya Nyeri sasa ni ya Kimathi, na kando yake upo mnara mweupe ulioandikwa kwa heshima ya Wagikuyu waliokufa katika kupigania uhuru, miaka 1951 hadi 1957. Maandishi hayo hayasemi waliokufa walikuwa upande gani wa handaki. Katika wilaya ambamo mtoto mmoja wa nyumba aliingia msituni na mwingine akavaa koti la ulinzi wa serikali, pengine hapakuwa na namna nyingine ya kuandika.

Murang'a, ambayo Waingereza waliiita Fort Hall kwa jina la ofisa Francis Hall aliyefia hapo mwaka 1901, ilijibu swali hilo kwa rangi. Kanisa kuu la Mtakatifu James lilijengwa miaka ya 1950 kuwakumbuka Wakristo waliouawa katika vita vile. Mwaka 1959 Elimo Njau, mchoraji kutoka Tanganyika, alichora humo picha tano kubwa za maisha ya Kristo: amezaliwa katika mazingira ya Kigikuyu, amesulubiwa kwenye mandhari ya migomba na vilima vya Murang'a, na watu wote ni weusi. Jengo lililokusudiwa kuwa kumbukumbu ya upande mmoja likapata kuta zinazoweza kutazamwa na pande zote.

Meru iliigeuza ofisi yake ya kale ya bwana disii kuwa makumbusho. Nyeri ilichagua mahakama. Jengo la Ruring'u, nje kidogo ya mji, lilikuwa mahakama ya Waafrika tangu miaka ya 1920. Humo wazee waliamua kesi za mashamba, mahari na mifugo chini ya jicho la serikali. Ni jengo la kiasi, halina minara wala nguzo za fahari, na sasa linatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hatua chache kutoka hapo upo uwanja ambako Desemba 1963 wapiganaji walitoka msituni, nywele zimewaangukia mabegani, wakaweka silaha chini mbele ya serikali mpya.

Handaki limejaa udongo na kuota majani, na sehemu kubwa yake imelimwa. Vijiji havikuondoka. Ardhi ilipopimwa na kugawiwa upya mwishoni mwa miaka ya 1950, waliokuwa na mashamba walirudi kwenye matuta yao. Wasiokuwa nayo, wajane wa vita, waliokuwa kizuizini na wenzao walionyang'anywa, walibaki palepale walipopangwa na serikali. Wengine wangali wanaishi hapo, wao na wajukuu wao, kwenye vipande vidogo vilivyopimwa kwa ajili ya kibanda kimoja. Kaunti ya Nyeri inaviita vijiji vya kikoloni hata katika nyaraka zake rasmi, na kazi ya kuwapatia wakazi wake hati miliki imekuwa ikiendelea, kijiji kimoja baada ya kingine.